Samaki Mkubwa wa Mgeni

Jumatatu, 2 Juni

Barafu imeyeyuka nusu kabla sijafika bwawani. Muuza soda wa Biharamulo mjini aliniapia kwamba imeganda. Haikuganda kitu. Nimebaki na maji baridi na hasira.

Siku ya kupima. Mwaka wa sita huu. Kambale kumi kila Juni, bwawa lile lile hapa Nyantakara, ubao ule ule wa kupimia. Mzee Laurenti alikuwa ameshaitoa migono, mitego yake ya samaki, majini na kunipangia samaki juu ya majani ya mgomba, mkubwa mbele, kama kawaida yake. Wa kwanza mkia ulipita mwisho wa ubao. Ikabidi niongeze rula. Mzee akasema ubao wa serikali umeanza kuwa mfupi. Nilicheka. Nilijisikia vizuri, sitaki kudanganya.

Nimepima urefu na uzito wa kila mmoja, nimekata kipande cha mnofu mgongoni, nimefunga, nimeandika namba. Vipande vimeondoka na basi la saa nane kwenda maabara, Mwanza. Samaki wenyewe nimemrudishia mkewe mlangoni. Tangu mwaka wa kwanza sili kambale wa bwawa hili, na Mzee anajua. Kila mwaka ananipa, kila mwaka napokea kwa mikono miwili, halafu narudisha kwa mlango wa nyuma. Tumeshazoeana.

Daftari jipya, basi niandike tulikotoka. Wachimbaji walikuwa wanaoshea mchanga wa dhahabu kwenye kijito kinachoingia bwawani. Zebaki walikuwa wanaimwaga humo humo, nyingine wanaichoma kwenye karai hadharani. Majibu ya mwaka wa pili yalitutisha wote. Sadiki, mwenyekiti wa kikundi chao, akakubali kuhamishia mwalo, pale wanapooshea mchanga, kilimani, mbali na maji, na kuchomea kwenye chungu cha chuma chenye kifuniko. Mkataba wa miaka minne. Unaisha mwaka huu. Mkutano ni tarehe kumi na mbili Julai. Samaki wakionyesha nafuu, mwalo unabaki kilimani. Wasipoonyesha, wanarudi kijitoni. Waliyasema hayo mbele ya watu wote na mimi nikatikisa kichwa kukubali.

Alhamisi, 5 Juni

Binti yangu Jovitha kapiga simu kutoka Kabanga. Mimba ina miezi mitano. Anatamani kambale mpaka anaota. Mtu ana duka zuri la vitenge pale mpakani, ana mume mpole, na kilio chake ni kambale. Anasema mama yangu ni afisa uvuvi na mimi nakula maharage.

Nikamwambia hapana. Wa bwawa langu hapana. Akanuna. Zebaki inakwenda kwa mtoto tumboni, nimeshamweleza mara ngapi. Akasema basi una kazi gani huko miaka yote hiyo kama samaki hawaliki.



Jumanne, 17 Juni

Majibu yamekuja. Yamepanda.

Nimeyasoma mara nne. Wastani wa mwaka huu ni mkubwa kuliko wa mwaka wa kwanza, wakati zebaki ilikuwa inamwagwa kijitoni kama maji ya kuoshea vyombo. Mwaka wa tatu ulipopanda kidogo tulisema ni uchafu wa zamani uliolala kwenye tope. Wa nne ukasimama. Wa tano ukapanda tena, nikasema subirini. Sasa nisemeje?



Jumatano, 18 Juni

Bosi anataka mchoro mmoja wa ripoti. Mstari tu, kasema, watu waelewe. Nimeuchora. Mstari unapanda kama barabara ya kwenda Rulenge. Mtoto wa darasa la tatu ataelewa.

Nimeuficha chini ya mafaili. Utoto mtupu.

Ijumaa, 20 Juni

Nimekwenda kilimani kwa Sadiki. Afadhali asikie kwangu.

Babu yake Sadiki alikuja Biharamulo kutoka pwani akiuza nguo. Mjukuu ana karasha, ile mashine ya kusaga mawe, lakini ulimi wa pwani amebaki nao. Ananiita bi mkubwa. Alinipa kiti, akanipa chai ya tangawizi, akasoma karatasi mpaka mwisho. Kelele za karasha zikazimwa, nadhani aliwapa ishara. Vijana wakasogea.

Hakufoka. Angefoka ningeona nafuu. Alisema miaka minne wanapandisha mchanga kilimani kwa trekta bovu na migongo ya watu. Miaka minne wanateka maji ya mvua. Wenzao wa bonde la pili wanawacheka. Walivumilia kwa sababu mimi niliwaambia samaki watapona. Akasema, "Bi mkubwa, sisi tulikuamini wewe, hatukuamini karatasi." Kisha akasema tarehe kumi na mbili atawasomea watu majibu kama yalivyo, na hatawazuia wakitaka kurudi kijitoni.

Ana haki. Hilo ndilo linaloniuma.

Nilishuka kilima kwa miguu, bodaboda ilinisubiri bure. Chungu chao cha kuchomea niliona wamekining'iniza mahali pake, kimefungwa vizuri, bomba lake limesafishwa. Wanafanya kazi sawasawa. Basi nini kinapanda?

Jumapili, 22 Juni

Nyamiaga, kwa kaka. Komunyo ya kwanza ya mwanawe. Nilitaka kutokwenda, nikajikokota.

Nimeliona jambo mezani, niandike polepole.

Wifi kanipakulia. Pande la nyama kubwa kuliko yote sufuriani, mpaka mchuzi ukamwagika. Mtoto wa komunyo mwenyewe, siku yake, kapewa mfupa. Nikasema huyu ndiye mwenye sherehe. Wifi akasema, "Wewe umetoka mbali, shangazi." Kaka akaongeza kwamba nilipokuwa ndiyo kwanza nimeolewa, kule kwa wakwe nilikuwa napewa shingo ya kuku, sasa nimekuwa mtu mzima, nile. Watu wakacheka.

Sikucheka. Nilikuwa namuona Mzee Laurenti na majani yake ya mgomba.

Mwaka wa kwanza alidhani nimekuja kufungia bwawa. Hakunipa hata kiti. Alinitupia kambale kumi wa chini ya ndoo, vijisamaki vya kukaanga. Mwaka wa pili akaniuliza ninatoka ukoo gani. Mwaka wa tatu nilimsaidia kupata leseni. Tangu hapo mkubwa mbele.

Na kambale mkubwa ni kambale mzee. Amekula wenzake miaka yote. Zebaki yote waliyokuwa nayo imebaki kwake. Nalijua hili tangu chuoni. Niliandika mtihani juu yake, nikafaulu.

Nyama niliimaliza. Ningeiacha wangeona nimewadharau.

Jumatatu, 23 Juni

Nimetoka Nyamiaga alfajiri. Sikupita nyumbani, nimekwenda moja kwa moja ofisini kwenye madaftari.

Ni kweli. Urefu wote nimeuandika kwa mkono wangu mwenyewe, samaki mmoja mmoja, miaka sita. Wa mwaka wa kwanza, mkubwa wao hafiki nusu ya ubao. Kila mwaka wanarefuka. Mwaka huu mdogo wao anamzidi mkubwa wa mwaka wa kwanza. Na fomu ya ripoti haina sehemu ya urefu. Ina sehemu ya wastani tu. Mimi nikajaza wastani.

Maelekezo yanasema chukua samaki bila kuchagua, wa vimo vilevile kila mwaka. Sikuchagua mimi. Nilimwachia Mzee achague, maana kwao mgeni haoneshi kidole samaki anayemtaka, anapewa. Na nilipenda kupewa. Niandike hivyo hivyo. Nilipenda kuona wale wakubwa wanatandazwa mbele yangu na wavuvi wengine wanatazama. Mama Samaki kaja, wanasema.

Miaka sita sikupima bwawa. Nilipima heshima yao kwangu.

Aibu imenishika mpaka masikioni.

Jumanne, 24 Juni

Nimejaribu kulinganisha samaki wa kimo kimoja tu. Wa mwaka wa tatu na wa tano wapo wachache wanaokaribiana, na wa tano wana zebaki kidogo kuliko wa tatu. Kidogo. Lakini wachache mno. Hakuna atakayenisikiliza kwa samaki watatu, na mimi mwenyewe nisingejisikiliza.

Nahitaji wadogo wa mwaka huu. Vimo vya mwaka wa kwanza. Nimepiga simu maabara. Wamesema nikiwapelekea wiki hii watajitahidi majibu yawahi mkutano. Hawakuahidi.

Jumatano, 25 Juni

Nimeharibu.

Nilimkuta Mzee Laurenti anashona mgono. Shikamoo, marahaba, habari za Nyamiaga, vizuri. Nikaingia na miguu yote miwili. Nikamwambia nataka kambale wadogo. Wadogo kabisa, wa chini ya ndoo.

Aliweka sindano chini. Akauliza kama kuna mtu amenisema vibaya kwake. Nikasema hapana. Akauliza kama wale wa Juni walikuwa wameoza. Nikasema walikuwa wazuri mno, ndiyo shida. Hapo nikazidi kukoroga. Akasimama. "Mama, mimi nina miaka sabini na nne. Sijawahi kumpa mgeni samaki wa paka."

Kisha akaingia ndani na kunipa kisogo. Wavuvi wawili walikuwepo, waliona yote.

Nimekaa ukingoni mwa bwawa nusu saa nzima bila kufanya kitu. Ningemweleza vizuri. Lakini ningemwelezaje? Kwamba ukarimu wake ndio ulionipotosha? Mtu hamwambii mzee hivyo nyumbani kwake.

Alhamisi, 26 Juni

Asubuhi kanipigia mkewe, Mama Regina. Kasema njoo kwa mlango wa nyuma, ule unaorudishia samaki.

Nimekwenda. Nikamweleza yeye mambo yote, bila kuzungusha. Mama Regina ni mtu wa kusikiliza huku anamenya mihogo. Alipoelewa, alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Kasema kumbe miaka yote mnapima wa wageni. Wetu ni hawa hapa.

Akafunua kapu. Kambale wadogo, wengi, wamechanganyika. Hao ndio anaowatunga kwenye nyasi na kuwauza kwa utungo, na hao ndio wanaokula wajukuu kila siku. Wakubwa hawawafikii watoto. Wakubwa ni wa wageni, wa padri, wa mchumba akija kuposa, na wanaobaki wanapelekwa mjini. Nikamuuliza mara mbili. Watoto hawali wakubwa? Akasema mwanangu, mtoto ale pande la mgeni ana nini.

Nilikaa chini. Desturi ile ile iliyoniharibia mstari wangu ndiyo iliyokuwa inawakinga watoto wake, na hakuna aliyejua. Machozi yalinitoka, akadhani ni moshi.

Nilifumba macho nikachukua kapuni mmoja mmoja, kama maelekezo yanavyosema. Nimechukua ishirini. Vimo vinalingana na vya mwaka wa kwanza kabisa. Mzee alikuwa kule mbele anashona mgono uliokwisha kushonwa. Hakugeuka. Nimempa shikamoo ya kuagania. Ameitikia kwa kikohozi.

Vipande vimeondoka na basi. Barafu safari hii nimeigandisha mwenyewe kwenye friji la jirani.

Jumatatu, 30 Juni

Hakuna.

Ijumaa, 4 Julai

Hakuna. Nimewapigia maabara, wamesema tulia. Mimi na kutulia hatujuani.

Bosi ameuona ule mstari, kauliza mbona ripoti haijaenda. Nikamwambia ukweli, kwamba nimekosea na nasubiri kujua nimekosea kiasi gani. Nilidhani atanirarua. Alivua miwani, akaifuta, akasema bora tuchelewe. Mungu ambariki.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Ofisi imefungwa. Nimefua kila kitu, hata mapazia.

Jovitha kapiga. Hasira zimeisha. Mtoto anacheza tumboni, anasema anapiga teke kila akisikia basi la Burundi linapiga honi. Hakutaja kambale. Nimemshukuru kimoyomoyo.

Najiuliza kama wakija na majibu mabaya nitafanya nini. Nitayasoma, ndiyo nitakachofanya. Nitasimama pale na kuyasoma. Halafu wachimbaji watarudi kijitoni na bwawa litakwisha na mimi nitakuwa nimelimaliza kwa mikono yangu. Naogopa. Sijawahi kuogopa karatasi hivi.

Alhamisi, 10 Julai

Yamekuja saa nne asubuhi.

Yameshuka.

Samaki wa kimo kile kile cha mwaka wa kwanza, bwawa lile lile. Mwaka wa kwanza karibu wote walikuwa juu ya kiwango kinachoruhusiwa kuliwa. Mwaka huu wote ishirini wako chini. Wote. Nimehesabu kwa kidole. Nimemwomba karani naye ahesabu, hakujua hata anahesabu nini, kapata vile vile.

Wadogo hawa wamezaliwa baada ya mwalo kuhama. Hawajawahi kuyaonja maji ya zamani. Wakubwa wanabeba mambo ya enzi zile, wataendelea kuyabeba mpaka wafe. Bwawa linapona kuanzia chini.

Nilitoka nje nikazunguka jengo mara mbili. Mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Jumamosi, 12 Julai

Mkutano. Niandike wakati bado naukumbuka.

Palijaa. Wachimbaji upande mmoja, wavuvi na wakulima upande mwingine, kina mama katikati. Nilianza na kosa. Sikutafuta maneno. Nikasema miaka minne nimepima samaki ambao sikupaswa kupima, kwa sababu mlinipa wazuri nami nikafurahi. Kosa ni langu, si la aliyenipa. Nimeshika ubao juu, nikawaonyesha kwa mkono samaki wa mwaka wa kwanza walikuwa wanaishia wapi na wa mwaka huu wameishia wapi. Watu waliguna. Mmoja wa wachimbaji akasema kwa hiyo umetutisha bure. Nikasema ndiyo, tangu tarehe ishirini Juni nimewatisha bure, na naomba radhi.

Kisha nikasoma ya wadogo. Sadiki akaniomba karatasi, akayasoma mwenyewe kimya, akarudia kwa sauti.

Nikawaambia na hili lingine, lisilopendeza. Wakubwa bado. Mwenye mimba asile, anayenyonyesha asile, mtoto mdogo asipewe, kwa miaka kadhaa ijayo. Waendelee kula wadogo.

Hapo Mzee Laurenti alisimama.  Hakunitazama mimi, alitazama watu. Akauliza, "Kwa hiyo wageni wangu wote niliwapa kibaya?"

 Sijawahi kuulizwa swali gumu kama lile. Nikamwambia, Mzee, uliwapa kizuri kuliko vyote ulivyokuwa navyo. Uchafu haukuwa wako. Na wajukuu zako wamekulia kwenye wadogo, wako salama kuliko watoto wengi wa bonde hili, kwa sababu ya adabu ya nyumba yako.

Akakaa. Sikujua kama yametosha. Mama Regina alimshika mkono, nikaona.

Sadiki hakupigisha kura. Aliwauliza watu wake kama kuna anayetaka kuwa wa kwanza kubeba karasha kulirudisha kijitoni, ajitokeze amwone. Hakujitokeza mtu. Mkataba umerefushwa miaka minne. Wameomba tanki la kutunzia maji ya mvua, na bosi ameandika. Wakati wa kutoka, Sadiki kaniambia bi mkubwa, mwaka kesho usile pilau kwangu, nitakupa pande kubwa nawe utakuja kuniambia dhahabu imeongezeka. Mshenzi. Nimecheka njia nzima.

Jumapili, 20 Julai

Kiangazi kimekolea. Bwawa limeshuka, ukingoni tope limepasuka.

Nimeitwa kula kwa Mzee Laurenti. Mlango wa mbele. Shikamoo, marahaba, karibu mwanangu. Mwanangu, si mama. Jirani zake walikuwepo, na katekista.

Mama Regina kaleta ugali wa muhogo na sinia la kambale. Alikuwepo mmoja mkubwa sana, kichwa kama ngumi mbili. Watu wote walitazama anakwenda kwa nani. Mzee akamvuta kwake. Kasema yeye hazai tena, acha azeeke naye. Kisha akachagua taratibu, kwa kidole, akaniwekea mbele yangu kambale wawili wadogo. Mdogo kuliko wote akampa katekista. Katekista kidogo anune, halafu akakumbuka.

Nimekula. Miaka sita sijala samaki wa pale. Nilikuwa nimesahau utamu wake, na ule ugumu mdogo wa ngozi ukitafuna. Nimemaliza wote wawili, hata mapezi. Hakuna kilichorudi kwa mlango wa nyuma.

Wakati wa kuondoka Mama Regina kanipa utungo mmoja wa wadogo waliokaushwa, kwa ajili ya Jovitha. Nyumbani nimejikuta nimeutandaza juu ya ubao na kuwapima mmoja mmoja. Mazoea tu. Kesho utungo unaondoka na basi la Kabanga.